Nchi ya jangwa kuandika sera ya bahari: mnaocheka njooni tuelewane

Zabibu_Chungu

Wakuu kwema? Niko Dodoma hapa, kiangazi kimekaza, vumbi la Ihumwa mpaka kwenye meno, na kumbukeni ni hapa hapa Mtumba wizara inakaa kuamua mambo ya bandari na meli za nchi nzima wakati maji mengi ya karibu ni bwawa la Hombolo. Kwa hiyo sisi tusiwe wa kwanza kucheka.

Nasema hivi kwa sababu kila nikigusa habari ya nchi kama Chad kuwa na sera ya taifa ya bahari watu wanaangua kicheko, eti watavua mchanga. Mi nimefanya klaringi Dar miaka mingi, yaani kutoa mizigo bandarini, mizigo ya transiti inayopita kwenda nchi jirani ndo ilikuwa ugali wangu, na msimamo wangu ni kwamba nchi isiyo na bahari inahitaji sera ya bahari kuliko hata sisi wenye pwani, tatizo lao wengi wanaanzia pabaya, wanaanza na bendera na meli na sare nyeupe za maafisa, wakati kitu kinachowamaliza kiko kwenye geti la jirani.

Chukua hao hao Chad. Kaskazini yote Sahara, mji mkuu N'Djamena, na bandari yao kubwa iko nchi ya watu, Douala, Kameruni. Mzigo ukishuka Douala unaweza kupanda reli mpaka Ngaoundéré, reli inaishia hapo, unahamishiwa kwenye lori, unapanda kaskazini mpaka Kousséri, unavuka daraja la Ngueli ndo unaingia N'Djamena. Safari nzima ni kama kilomita 1,800. Chukua Dar mpaka Dodoma zidisha mara nne, halafu weka mpaka wa nchi mwishoni na vizuizi vya barabarani njiani.

Sasa sikia utamu. Kuna makubaliano ya Kameruni na Chad kwamba asilimia 65 ya mizigo ya Chad ibebwe na malori ya Chad, 35 ya Kameruni, na ofisi za mizigo za serikali ndo zinagawa kazi kwa foleni. Yaani wewe una lori jipya, dereva mzuri, unafika kwa wakati, unakaa foleni moja na jamaa mwenye kibovu kinachomwaga oili toka Douala, na zamu ikifika yeye anabeba na wewe unasubiri. Nani atanunua lori jipya hapo? Bei haishuki kwa sababu hakuna anayeshindana na mwenzake. Ukiniambia leo niandike sera ya bahari ya Chad ukurasa wa kwanza naanza na hiyo foleni, maji ya chumvi yatasubiri.

Kobe_wa_Hombolo

Hahahaha kwa hiyo jeshi la maji la Chad litafanyia mazoezi kwenye beseni au?

Zabibu_Chungu

Kobe nilijua utakuja. Mkuu Bolivia wanalo jeshi la maji na hawana bahari, liko Ziwa Titicaca na kwenye mito. Pwani yao waliipoteza kwa Chile kwenye vita iliyoanza 1879, jangwa la Atacama lile, na mkataba wa 1904 ukafunga habari. Mpaka leo kila tarehe 23 Machi wana Siku ya Bahari, gwaride na maua. Wakaenda mpaka mahakama ya The Hague, tarehe 1 Oktoba 2018 majaji wakasema Chile haina wajibu wa kisheria wa kukaa mezani kuwarudishia bahari. Simdharau mtu kwa kukumbuka kilichokuwa chake, ila mkataba ule ule wa 1904 ndo uliowapa haki ya kupitisha mizigo bandari za Chile pamoja na reli ya Arica hadi La Paz iliyofunguliwa 1913. Gwaride linapigwa picha, mzigo unapita bandarini.

Scania_ya_Mwisho

Mi niko Nala muda huu nasubiri mizani, foleni imefika mbali, acha nichangie kwa simu msinicheke herufi.

Nimebeba kontena la futi 40 la mtu wa Bujumbura, natokea Dar naenda kutokea Kabanga, mpakani na Burundi. Kwenye mlango wa nyuma kuna lakiri ya kampuni ya meli, kuna na kile kifaa cha TRA cha kufuatilia mzigo, nikizima gari sehemu isiyoeleweka simu inaita "dereva upo wapi". Ndani sijui kuna nini na sitakiwi kujua, mi kazi yangu makaratasi yafike yamenyooka na lakiri ifike haijaguswa. Sasa huyo mwenye mzigo huenda bahari hajawahi kuiona maisha yake, lakini anailipia. Kontena siyo lake, ni la kampuni ya meli, ameweka depoziti, na siku za bure zikiisha kabla halijarudi tupu Dar anaanza kupigwa chaji kila siku iendayo kwa Mungu. Mi nikikwama hapa Nala, nikikwama mpakani, nikaharibikiwa Nyakanazi, yeye ndo anahesabiwa. Ndo maana wengine wanaona bora kontena lifunguliwe Dar mzigo upakiwe bila kontena kwenye lori, wanakwepa chaji halafu wanaibiwa njiani. Chagua moja.

Kwa hiyo jamaa wa Chad namwelewa bila hata kufika kwao.

Sheria_Chimwaga

Shikamooni wakubwa. Nasoma sheria UDOM, hii mada imenikuta kwenye semina kabisa, naomba niweke upande wa vifungu maana watu wanadhani nchi za ndani zinaomba hisani. Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 una sehemu nzima ya kumi kwa ajili yao. Ibara ya 90 inasema nchi yoyote, yenye pwani au isiyo na pwani, ina haki ya kupeperusha bendera yake kwenye meli bahari kuu, na hiyo haki ya bendera ilishatambuliwa Barcelona toka 1921. Ibara ya 125 inawapa haki ya kufika baharini na uhuru wa kupitisha mizigo kwa jirani. Ibara ya 127 inasema mzigo wa transiti usitozwe ushuru wa forodha, utozwe gharama za huduma tu. Ya 131 inasema meli yenye bendera yao ikiingia bandarini itendewe sawa na meli nyingine za kigeni. Na ibara ya 69 inawapa hata nafasi ya kushiriki kuvua kwenye ukanda wa kiuchumi wa nchi za jirani, sehemu ya samaki wa ziada ambao mwenye pwani hawamalizi.

Ndo maana kwenye mkakati wa bahari wa Umoja wa Afrika wa 2050, ule uliopitishwa 2014, nchi zisizo na pwani zimo ndani. Na Afrika tunazo 16.

Zabibu_Chungu

Dogo umetisha, ila soma 125 mpaka mwisho. Aya ya pili inasema masharti na utaratibu wa kupita vitakubaliwa kati ya nchi husika, na ya tatu inampa mwenye njia haki ya kulinda maslahi yake halali. Haki unayo, funguo anayo jirani. Hapo katikati ndo sera ya bahari inapoishi yote, nani anakwenda kuongea na jirani, anaongea nini, na anabeba nini mkononi cha kumpa.

Niger wameipata hiyo kavu kavu. Mapinduzi Julai 2023, ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, wakafunga mipaka, mizigo iliyozoea kupita Cotonou ya Benin ikabidi izunguke Lomé ya Togo kupitia Burkina Faso, njia yenye hatari. Vikwazo vikaja kuondolewa mwaka uliofuata lakini Niger wakakataa kufungua mpaka na Benin. Benin naye Mei 2024 akawazuilia mafuta yao yasipakiwe melini, mafuta yaliyotembea kwenye bomba la karibu kilomita 2,000 mpaka pwani ya Benin. Bomba jipya, pesa ya Wachina, meli ipo, halafu ugomvi wa geti.

MzeeWaBahi

Vijana mnaongea kama haya mambo yameanza jana. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walivyojitangazia uhuru wao Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia ndo alikuwa na mwaka mmoja tu toka apate uhuru, shaba yake na mafuta yake vyote vinapita kusini kwa watu wale wale. Rais wao Kaunda alifanya nini? Bomba la mafuta la TAZAMA toka Dar mpaka Ndola lilianza kazi 1968, reli ya TAZARA kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi ikakabidhiwa 1976. Ile ndo sera ya bahari ya nchi isiyo na bahari, tena iliandikwa kwa nondo na mataruma.

Na kingine nadhani wengi hamkijui. Kulikuwa na kampuni ya meli ya pamoja ya Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, ilianzishwa 1966, na moja ya meli iliitwa Mulungushi. Uganda na Zambia, wote hawana pwani, walikuwa na hisa kwenye meli za mwambao wa Afrika mpaka Ulaya. Ilikufa, Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977 ugomvi uliingia kila kitu. Reli na bomba vimebaki.

Kobe_wa_Hombolo

Mzee shikamoo. Mi nimekuja kucheka naona naanza kusoma.

MzeeWaBahi

Marahaba. Na ukitaka cha Dodoma kabisa, MV Liemba ya Kigoma imepita hapa. Wajerumani waliijenga Papenburg 1913, wakaifungua vipande vipande, maboksi kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapanda reli ya kati. Reli hiyo haina njia nyingine, maboksi yalipita stesheni yetu ya Dodoma mjini ndo yakafika Kigoma, ikaingia majini 1915. Meli nzima imekatiza Ugogo kwa treni.

Kontena_Bluu

Nimesoma wote. Lakini Zabibu unapuuzia pesa ya bendera. Si wafungue tu usajili wa meli, meli za watu wa nje zipeperushe bendera yao, wakae jangwani wapokee ada? Mongolia wamefanya, Gobi kule hakuna hata ufukwe.

Zabibu_Chungu

Nilijua hii itafika. Mongolia usajili wao ulifunguliwa 2003 na ofisi iko Singapore, na wamekuja kusikika kwenye habari za meli za Korea Kaskazini zinazotafuta bendera ya kujifichia. Na tusiende mbali, sisi wenyewe tuliungua. 2012 meli za mafuta za Iran zikakutwa na bendera ya Tanzania, usajili uliopita Zanzibar kupitia wakala wa Dubai, serikali ikaja kuzifuta. Januari 2018 tena Magufuli akasimamisha usajili wa meli za nje baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa huko na silaha na madawa ya kulevya. Na sisi tuna pwani, tuna mabaharia, tuna chuo cha bahari Dar! Nchi isiyo na mkaguzi hata mmoja aliyewahi kuingia chumba cha injini ya meli inapogawa bendera kwa mtu aliye nje, ada inaishia kwa wakala na aibu inabaki kwenye jina la nchi.

Bendera inawezekana, ila kwa mtu aliyejipanga, na hata huyo anaumia. Uswisi wana meli za bendera yao toka 1941, vita ilikuwa imewabana chakula kisifike, bandari ya nyumbani imeandikwa Basel kule kwenye mto Rhine. Serikali ikawa inadhamini mikopo ya wenye meli. Biashara ya meli ilivyoanguka, 2017 walipa kodi wa Uswisi wakabeba mzigo wa faranga milioni 215. Uswisi hao, siyo Chad.

Lakini tazama upande wa pili wa Uswisi hao hao. Kampuni kubwa kuliko zote duniani ya meli za kontena, MSC, makao yake Geneva. Milima mitupu. Pale wanauza akili, kukodisha meli, bima, mikataba, fedha. Ethiopia nao baada ya Eritrea kuondoka na pwani 1993 meli zao za biashara waliendelea nazo, shehena ikahamia Jibuti zaidi ya asilimia 90, wakajenga bandari kavu Modjo, reli mpya ya Addis mpaka Jibuti ikafunguliwa 2016, na wanafundisha mainjinia wa meli Bahir Dar kandokando ya Ziwa Tana. Kijana anatoka nyanda za juu anaenda kufanya kazi kwenye injini za meli za watu anatuma dola nyumbani. Hiyo naiunga mkono kwa nchi ya jangwa kabla ya kununua hata mtumbwi.

MamaMbegu

Jamani mi niko Kibaigwa nauza mahindi, huu uzi nimetumiwa na mdogo wangu. Naomba kuuliza na msinione mjinga. Hao Chad malori yakishapeleka mzigo N'Djamena yanarudi na nini? Maana mi hapa maisha yangu ni malori yanayorudi. Lori la Mtanzania likitoka kushusha Burundi au Kahama linarudi Dar tupu, dereva anapita kwetu anasema mama nipe hata nusu ya bei, nampakia gunia zangu anashuka nazo. Nikikodi lori la kutoka Dar kuja kunichukulia hapa siwezi kula faida hata ya sabuni.

Scania_ya_Mwisho

Mama huyo ameongea kiume kabisa. Safari ya kurudi tupu analipa mwenye mzigo wa kwenda, hata kama hajui.

Zabibu_Chungu

Mama Mbegu hilo swali ndo nilikuwa nalisubiri toka asubuhi na wachumi wote humu hamkuliuliza.

Chad wanauza nje pamba, gundi ya mgunga ile inayoingia kwenye soda na dawa, ufuta, mifugo na mafuta. Mafuta hayapandi lori, yana bomba lake toka Doba, kwenye visima vyao kusini. Ng'ombe na ngamia hawapandi lori la Douala, wengi wanatembea kwa miguu yao mpaka Nigeria. Kinachobaki ni pamba na gundi na ufuta, na hivyo ni vya msimu na havijazi malori yote yaliyokuja. Kwa hiyo mengi yanashuka matupu, na mtu wa N'Djamena anayenunua mfuko wa saruji au dawa ya hospitali amelipia kwenda na kurudi. Ukimsaidia mwenye ufuta afungashe vizuri, awe na ghala karibu na barabara, ajue lori gani linarudi lini, umepunguza bei ya kila kitu kinachoingia nchini. Mama hapo Kibaigwa unafanya hiyo sera kwa simu ya tochi.

Halafu hilo bomba lenyewe. Toka Doba kwenda Kribi pwani ya Kameruni kilomita 1,070, lilianza 2003. Mwisho wake siyo ufukweni, linaendelea chini ya bahari mpaka kwenye chombo kinachoelea kilomita kadhaa kutoka nchi kavu, pale ndo meli za mafuta zinajaziwa. Yaani mafuta ya Sahel yanamwagwa kwenye tenki katikati ya maji ya Atlantiki. Yakivuja pale wavuvi wa Kribi watamdai nani? Mwenye bomba, mwenye meli, bima, au mwenye mafuta? Nchi yenye mali yake ikielea baharini haiwezi kusema bahari hainihusu. Na 2023 walivyogombania umiliki wa mali zilizokuwa za Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, kwenye hayo mafuta na bomba, Chad wakafika mpaka kumwita nyumbani balozi wao wa Kameruni. Kameruni! Wenye geti.

Sheria_Chimwaga

Mkuu nimekuelewa ila usiuue upande wa uanachama. Botswana ni Kalahari tupu, 2021 wakaingia IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa. Zambia, Malawi, Uganda wamo. Kanuni zikipangwa za mafuta ya meli na gharama zake, nauli inapanda kwa aliye mbali zaidi, sasa asiwepo kwenye kikao?

Zabibu_Chungu

Hapo nakubaliana na wewe, kikao akae. Ila angalia Botswana walichokuwa nacho kabla ya kwenda London yaliko makao ya IMO. Wana bandari kavu yao ndani ya bandari ya Walvis Bay, Namibia, na barabara ya kukatiza Kalahari. Walishika ardhi kwanza. Malawi vivyo hivyo wana eneo lao la mizigo Dar toka zamani, na sasa nchi jirani zimetengewa maeneo bandari kavu ya Kwala. Ukiwa na kipande chako bandarini kwa jirani, na mtu wako wa forodha kakaa pale kama Wanyarwanda walivyoweka maafisa wao Dar kwenye himaya moja ya forodha, ushuru unalipwa kabla lori halijawasha injini.

Na hapa ndo inamrudia Mama Mbegu na sisi wote wa reli ya kati. Hawa jirani wakiwa na sera iliyoamka watakuwa wateja wasumbufu. Watasema Dar mnachelewesha tunaenda Mombasa, tunaenda Beira ya Msumbiji, Wakongo na Wazambia watasema Lobito ya Angola. Mizani ya Nala itabidi iwe na majibu.

MamaMbegu

Wawe wasumbufu tu, malori yakipita haraka mi napata mengi ya kurudi. Lakini hiyo foleni ya kule Kameruni uliyosema mwanzo, ya asilimia 65, kwa nini hawaifuti kama inaumiza watu?

Kontena_Bluu

Wenye malori ni akina nani mama? Jiulize hapo.

Zabibu_Chungu

Ndo hapo sasa. Hiyo 65 iliwekwa kumlinda mwenye lori wa Chad asimezwe na Mkameruni, na sababu ilikuwa ya maana. Ukiifuta kesho asubuhi, wenye vibovu wote wanakosa kazi siku hiyo hiyo, wana chama, wana madereva, wanaweza kufunga daraja la Ngueli na mji ukakosa sukari wiki hiyo. Rwanda waliachia soko la malori miaka ya tisini na bei zikashuka sana, lakini hofu ya daraja kufungwa ipo. Kwa hiyo mi ningeanza na mikataba ya moja kwa moja kwa mizigo ya hospitali, mbolea na chakula, itoke kwenye foleni, mwenye mzigo achague lori lake. Foleni ibaki kwa vingine kwa muda, na kijana mwenye kibovu apewe mkopo wa kubadili.

Scania_ya_Mwisho

Mkopo wa lori riba ngapi huko? Kama ni za kwetu hizi atarudi foleni na kibovu chake. Haya nimeitwa mizani, ekseli ya nyuma ina mashaka, kama kuna mtu wa Singida leo usiku nitakuwa Misuna napumzika.